Kivukizi cha klorini kikijizima, nani akirudishe kazini?

Kivukizi ni chombo kinachogeuza klorini ya kimiminika kuwa gesi ya kutibu maji. Umeme umekatika usiku, hita zimezimika, maji ya moto yanayozunguka kivukizi yamepoa, na vali ya kutolea gesi imejifunga. Umeme ukirudi, maji yanaanza tena kupanda kuelekea nyuzi 80. Swali linalowagawa watu wa mitambo linaanzia hapa: vali ifunguke yenyewe maji yakishapata joto, au ibaki imefungwa mpaka mtu afike kwenye skrini, asome alamu na abonyeze Riseti, kitufe cha kuurudisha mtambo kazini?

Vali ile haifungwi kwa hofu ya maji baridi. Inayoogopwa ni klorini kupita ikiwa bado kimiminika. Lita moja ya kimiminika hutoa zaidi ya lita 450 za gesi, na kikiingia kwenye mabomba ya PVC yaliyokusudiwa kupitisha gesi, huyaharibu. Joto la maji ni ishara tu kwamba kilichomo ndani kinageuka gesi sawasawa.

Wanaotaka mtambo ujirudishe wenyewe wana hoja nzito. Klorini ikisimama, maji yanayotibiwa yanatoka bila dawa, na kituo kisicho na zamu ya usiku kinaweza kukaa hivyo hadi asubuhi. Halafu wanauliza: huyo anayebonyeza Riseti anasoma nini hasa? Umeme ukikatika, skrini hupata mistari minne kwa mfuatano: joto la maji chini, vali imefungwa, gesi haipiti, klorini kwenye maji imepungua. Wa mwisho ndio unaokaa juu. Opereta anausoma huo, anakwenda kukagua kipimio cha gesi ambacho hakina kosa, anarudi, anabonyeza. Hata kwenye mitambo mikubwa mambo ni yale yale. Kabla ya mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, Julai 1994, waendeshaji wawili walimiminiwa alamu 275 katika dakika 11 za mwisho. Kwa wingi huo, kidole hufanya kazi na macho hayasomi.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni kurekebisha skrini: iishike alamu ya kwanza na saa yake, isiruhusu nyingine kuifunika. Si sababu tosha ya kumwondoa mtu, kwa sababu kujirudisha kunaficha ugonjwa mmoja ambao nauona mbaya kuliko kukatika kwa umeme.

Chukua kivukizi chenye elementi tatu za hita, moja imeungua. Tuseme vali imepangwa kujifunga maji yakishuka chini ya nyuzi 65 na kufunguka yakifika 67. Inafunguka, klorini inavuta joto kuliko elementi mbili zinavyoweza kurudisha, maji yanashuka, inajifunga. Mzigo ukiondoka maji yanapanda, inafunguka tena. Alamu inalia na kujifuta usiku kucha. Asubuhi skrini imeandika “Kawaida”. Ushahidi pekee uko kwenye grafu ya joto, imechongoka kama meno ya msumeno, na grafu haina king'ora. Kuongeza pengo kati ya joto la kufunga na la kufungua hadi nyuzi 10 kunapunguza kelele, elementi inabaki imeungua.

Kuna la pili, nalo haligusi maji kabisa. Mabaki ya kloridi ya chuma yakijikusanya ukutani mwa chombo, joto halipiti vizuri. Maji yanasoma 80 bila tatizo, ila gesi inatoka baridi. Tena usilisome joto la gesi peke yake: presha ikiwa takriban bar 5.7 kwenye geji, klorini huchemka karibu nyuzi 20, hivyo gesi ya nyuzi 25 inayoonekana salama imebakiza nyuzi 5 tu kabla ya kurudi kimiminika. Wengi hulenga tofauti isiyopungua nyuzi 11 kati ya joto la gesi na joto la kuchemka. Skrini nzuri hukokotoa tofauti hiyo kutokana na presha na kuionyesha kama namba inayojitegemea. Nyingi huacha opereta apige hesabu kichwani, usiku, akiwa na barakoa usoni.

Kwa hiyo naegemea Riseti ya mkono, kwa msamaha mmoja. Vali ijifungue yenyewe pale tu alamu ya kwanza ilipokuwa kukatika kwa umeme, kina cha maji kiko sawa, maji yamekaa kwenye joto lililopangwa kwa dakika tano mfululizo, na hakuna kihisi cha uvujaji kilicholia. Iwe mara moja kwa zamu. Ikijifunga mara ya pili, ifungike kabisa na skrini idai mtu. Fundi aliyefungua bomba upande wa gesi hapaswi kutegemea hesabu hizi hata kidogo. Yeye afunge vali ya mkono, aitie kufuli, na ahakikishe bomba halina presha.

Na opereta aliyeitwa na king'ora asikimbilie kufunga vali ya kuingizia kimiminika. Ikiwa wazi, presha inayopanda ndani ya chombo hukisukuma kimiminika kirudi mtungini, na kivukizi kinajituliza. Akiifunga huku vali ya gesi nayo imefungwa na maji bado ya moto, amekifungia kimiminika mahali kisipoweza kutanuka. Kinachobaki kati yake na bomba kupasuka ni chumba cha utanukaji nyuma ya kisahani cha kupasukia, yaani kisahani kinachopasuka presha ikizidi, na alamu ya presha ya chumba hicho haifai kuwekewa Riseti ya aina yoyote kabla kisahani hakijabadilishwa.