Hapo kwenye "kuiga" nakataa

Mwandishi umeandika vizuri ila hapo uliposema bendi ya Khruangbin ya Marekani wanaiga tu muziki wa fanki wa Thailand wa miaka ya 60 na 70 nakataa. Jina lenyewe la Kithai, maana yake ndege, hii ya kupanda sio ya mtini, kwahiyo hawajaficha kitu. Sasa sikiliza dramu za mpiga dramu wao DJ Johnson, kavu, hazina mbwembwe, yule na mpiga gitaa Mark Speer walikutana bendi ya kanisani huko Houston ndo mana. Mi napiga besi kwaya yetu huku Mwanjelwa, mwalimu kila mazoezi ananiambia we kijana punguza noti, acha nafasi, nilikuwa nanuna kweli, siku namsikia mpiga besi wao Laura Lee anazungusha noti nne tano hizohizo na wimbo unatembea nikaenda kumuomba radhi mzee wa watu. Kuimba wanaimba kidogo sana, gitaa ndo linaimba. Albamu ya kwanza walirekodia kwenye banda la shambani Texas, sisi tunasubiri studio ya mamilioni. Na 2022 wakapiga nyimbo za marehemu Ali Farka Touré, mwanamuziki wa Mali, pamoja na mwanae Vieux, hapo nako wameiga Thailand?