Chambo cha kukopa kinatumaliza

Juzi alfajiri nilimkuta kijana wa jirani yangu dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, huku kwetu kaskazini ya Pemba, amejiinamia kwenye mtumbwi wake. Usiku kucha alikuwa nje na mshipi, na amerudi na samaki aina ya changu, kilo nne, wamenona. Nikamwambia, "Mashaallah mwanangu, leo umepata." Akanijibu bila kuinua uso, "Si wangu hawa, ami. Chambo nimekopa."

Nikakaa naye tukapiga hesabu. Chambo chenyewe ni fungu la dagaa la shilingi 5,000. Sharti la kukopeshwa ni samaki wako umuuzie mtu huyo huyo aliyekupa dagaa, kwa bei aitakayo yeye. Siku ile alitaka 6,000 kwa kilo, na mnadani pale pale changu walikuwa wanakwenda 10,000. Kwa kilo nne, shilingi 16,000 zimepita mbali na mkono wake, kisha ile 5,000 ya chambo ikakatwa vilevile. Kijana akaenda kwake na 19,000, na ana mke na watoto wawili. Tangu hapo moyo wangu haujatulia.

Kukopa simlaumu, mwenye shida hachagui. Kinachonichoma ni kuwa wiki mbili nyuma, kwenye giza, zile siku ambazo usiku hauna mwezi, dagaa walimwagika mpaka mchangani wakawa wanadonolewa na kunguru. Sote tunajua dagaa ni wa giza. Mwezi ukipevuka taa haziwavuti, boti zinalala na fungu linapanda. Na siku hizi hata gizani tunagombania dagaa na wenye masufuria ya kuchemshia dagaa wa kukausha, maana dagaa wakavu wa Zanzibar wanasafiri mpaka Kongo. Basi mvuvi wa mshipi anangoja mbaamwezi ya nini ndipo atafute chambo?

Sisi ni watu wa ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Bibi zetu walimtia chumvi papa mzima akakaa miezi bila kuharibika, na chumvi yenyewe inavunwa hapa hapa Pemba. Iweje tushindwe na kindoo cha dagaa?

Mimi nanunua dagaa siku ambayo wameshuka bei, wakiwa bado wanang'aa macho. Dagaa aliyekwisha kulainika tumbo hafai, chumvi haimrudishii uzima. Kwa kila kilo tatu natia kilo moja ya chumvi ya mawe, tabaka la chumvi, tabaka la dagaa, juu jiwe safi la kukandamiza. Asubuhi ndoo imejaa maji. Hayo yamwageni yote, msiyaonee huruma, ndiyo yanayomfanya dagaa apasuke kwenye ndoana. Kisha nawaanika kivulini penye upepo mpaka alasiri. Juani mafuta yao yanachacha na harufu inageuka. Nikimaliza nawarudisha kwenye kopo kavu na chumvi mpya, nafunga mfuniko barabara. Wangu wamenikalia miezi miwili, na nyama imekaza hata changu akidonoa mara tatu chambo bado kipo. Ngisi nampasua vipande virefu kama kidole, ngozi naiacha, chumvi natia kidogo tu kwa sababu akizidi kukauka anakuwa kama kiatu. Vichwa vya vibua jikoni navyo nisitupiwe.

Wapo wanaoniambia, weka friza. Mwenye friza na aweke. Lakini dagaa aliyegandishwa bila chumvi barafu inampasua nyama kwa ndani, akiyeyuka analegea, na ukishusha chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, ndoana inabaki tupu. Tena umeme wetu unatujia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na siku ukikatika hatuambiwi utarudi saa ngapi.

Nakubali, si kila samaki anadanganyika na chumvi. Nguru anataka kitu kibichi kinachomeremeta, na tasi wa dema, ule mtego wa kufumwa, anataka mwani wake. Zipo pia siku changu wenyewe wananusa na kupita. Hata hivyo kwa mshipi wa usiku, changu na chewa, nimeridhika na chambo cha chumvi.

Watu wanaona nazungumzia shilingi 5,000. Nazungumzia mvuvi kuwa na ulimi wake mnadani. Mwenye chambo chake anashuka na samaki wake, anaweka chini, anasikiliza bei, na isipomridhisha anasema hapana. Aliyekopa anapokonywa neno hilo kabla hata hajasukuma mtumbwi majini. Baba yangu alikuwa akienda dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, wiki nzima na kopo lake la chambo, hana wa kumwamkia kwa unyonge. Alikuwa maskini, lakini samaki wake walikuwa wake. Naumia kuona wanetu, wenye nguvu na ujuzi kuliko sisi, wanavua usiku kucha samaki ambao wameshauzwa tangu magharibi.

Kijana yule nimemwambia aje kwangu usiku wa kwanza wa giza, boti zikirudi. Aje na ndoo yenye mfuniko. Chumvi ipo, kilo kumi, nimeshamwekea.