Core i5, lakini ya lini?

Jumamosi nilimsindikiza mdogo wangu Mwanjelwa, Mbeya, kutafuta laptopu ya chuo. Muuzaji akatuwekea mbili juu ya meza, zote mtumba, kampuni moja, zote na kibandiko cha Core i5, jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Hii laki nne na nusu, ile laki tano na nusu. "Tofauti ni usafi wa bodi tu, kaka." Nikaziwasha, nikafungua maelezo ya mashine. Ya bei rahisi ilikuwa na i5-7200U, ya pili i5-8250U.

Usafi wa bodi! Ya kwanza ina kori 2, yaani vitengo vya prosesa vinavyofanya kazi sambamba, ya pili 4, na zimepishana kama mwaka mmoja tu: moja ya 2016, nyingine ya 2017.

Mwaka huo mmoja una kisa chake. Stendi ya Kabwe ikibaki na daladala moja tu ya Uyole, konda hakuiti abiria. Anakaa anachokonoa meno, mtapanda tu. Intel, watengenezaji wa hizo i5, walifika hapo. Prosesa yao ya kawaida ya kompyuta za mezani, i7-2600K ya 2011, ilikuwa na kori 4. Januari 2017 wakatoa i7-7700K: kori zilezile 4. Miaka sita! Mpinzani wao AMD alikuwa hoi, anauza prosesa za FX zilizokula umeme na kuchemka kama sufuria ya makande.

Machi 2017 AMD wakaleta prosesa mpya, Ryzen. Ile kubwa, 1800X, ilikuwa na kori 8 kwa dola 499, wakati Intel walikuwa wakiuza ya kwao ya kori 8 kwa zaidi ya dola 1,000. Kabla mwaka haujaisha, Intel wakawa na kori 4 kwenye i5 za laptopu nyembamba na 6 kwenye i7 ya kawaida ya mezani. Wapo watakaosema ilikuwa kwenye mipango yao tangu zamani. Mimi naona konda alisikia honi nyuma yake.

Ndiyo maana huwa nabishana na wanaosema ugomvi wa makampuni ya Marekani hautuhusu. Unatuhusu, ila unatufikia baada ya miaka kadhaa, ndani ya makontena ya mtumba. Tena hauji kama punguzo la bei. Laki tano inabaki laki tano. Kinachobadilika ni unachopewa. Ukiuliza "ni i5?" tu, umeliwa. Uliza kizazi, yaani ni i5 ya toleo la lini. Ile ya kori 2 haimo hata kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika kwa Windows 11, na Windows 10 waliacha kuihudumia Oktoba 2025.

Wakati tunavutana bei, nikaona nyingine kwenye rafu, ina vumbi. Ryzen 5 3500U, kori 4, ya 2019. Shilingi ngapi? "Hiyo chukua laki nne na themanini. AMD hiyo kaka, wateja hawaitaki, inachemka." Sifa ya FX bado inazunguka Mwanjelwa, na siku hiyo ilituokolea elfu sabini.

Tuliichukua. Mdogo wangu kila jioni anapitisha kiganja chini yake kuona kama imeshika moto. Kwa baridi hii ya Juni, nadhani anatamani ishike.