Mtazameni mkono wa kushoto
Nimesoma makala inayomsifu mpiga gitaa la besi mkongwe, ikisema amedumu miaka yote kwa kipaji. Sawa, lakini mkono wa kushoto je? Besi ya kawaida ina inchi 34 za uzi, na karibu na kichwa cha gitaa vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo yake vimeachana sana. Anayelazimisha kila kidole na chuma chake huko anaweza kujiumiza kifundo cha mkono. Wakongwe wengi hutumia kidole cha shahada, cha kati, halafu cha pete na cha mwisho kwa pamoja. Kidole kikae nyuma tu ya chuma, upande wa kichwa cha gitaa. Kikirudi mbali, uzi unalia zzzz na mtu anazidi kukaza bure. Vidole vikichoka, ipo besi ya uzi wa inchi 30, wala si ya watoto!