Safari ya Kwenda Yem

Kwa miaka sita nilifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Tanga, na katika muda huo wote sikumsamehe mwanafunzi hata mmoja aliyekosea kitenzi, kiasi kwamba kisogoni mwangu walikuwa wakiniita "Malkia". Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika mji wa Newcastle, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, nililoliogopa lilikuwa baridi tu. Kuhusu lugha, nilijua kwamba ninakwenda kuwakumbusha wenyewe mambo waliyoyasahau.

Ili kupata fedha za matumizi niliosha vyombo katika mkahawa mmoja, na msimamizi wa jikoni alikuwa mama wa makamo, mkarimu, anayezungumza kama mtu anayekimbizwa. Ijumaa moja asubuhi alinigeukia akasema: "We're gannin yem for wor tea at five. Are ye coming, pet?"

Niliichambua sentensi ile kama nilivyozoea kuchambua sentensi ubaoni. "Tea" ni chai, hapo hapakuwa na shaka. "Five" ni saa kumi na moja jioni. "Gannin" sikuwahi kulisikia, lakini kwa kuwa liliishia kama kitenzi kilichokatwa mkia, nililipa hadhi ya kitenzi. "Wor" lilisikika kama "war", yaani vita, nami nikakadiria kwamba chai ya vita ni aina ya chai kali inayonywewa na watu wa nchi za baridi. "Pet" ni mnyama wa kufugwa, paka au kasuku, na neno hilo liliniuma kidogo, ila nililimeza kwa kuwa mgeni hachagui jina. Likabaki "yem", ambalo halimo katika kamusi yoyote niliyoijua, na neno la Kiingereza ambalo mwalimu halijui haliwezi kuwa na maana nyingine isipokuwa jina la mahali. Nikajibu kwamba nitafika Yem bila kukosa. Mama akaniangalia kidogo, akaniandikia kwenye karatasi namba ya nyumba na jina la mtaa, nami nikaitia mfukoni, maana mtu hutaja mji kwanza, mtaa baadaye.

Kwetu Tanga, aliyealikwa chai haendi na njaa, asije akamaliza vitumbua vya watu. Kwa hiyo saa kumi nilikula sahani ya wali na maharage, nikaongeza nusu sahani ya tahadhari, nikanunua pakiti ya biskuti, nikaelekea kituo cha basi.

Mabasi ya kule hayana konda. Ukipanda, humwambia dereva unakokwenda, naye hukukatia tiketi. Nikaomba tiketi moja ya Yem, kwa matamshi niliyoyanoa kwa miaka.

"Yem?" akauliza.

"Yem."

"Yem kwa nani?"

Nikamweleza kwamba si kwa mtu, ni Yem yenyewe. Akakuna kichwa, akaniambia kwamba hata yeye atakwenda Yem, lakini ni saa nne usiku, akimaliza zamu. Nikamuuliza kwa upole kama hakuna basi linalotangulia hilo. Bibi mmoja aliyeketi mbele akaingilia kwa nia njema, akasema kwamba yeye ametoka Yem sasa hivi, wala hakuna ubaya wowote huko. Nikashangaa jinsi mji unaokaliwa na watu wengi hivyo ulivyoweza kukosekana kwenye ramani ya kituoni.

Foleni nyuma yangu ilikuwa imeanza kunung'unika ndipo kijana mmoja, mwanafunzi kutoka Denmark, alipoinama akicheka mpaka machozi. Aliponyanyuka alinieleza kwamba kwao neno "hjem" humaanisha nyumbani, na kwamba hutamkwa karibu sawa na hilo ninalolitaja. Ndivyo mwalimu wa Kiingereza wa miaka sita alivyotafsiriwa Kiingereza na Mdenmaki, ndani ya basi la Waingereza, mbele ya abiria wote.

Baadaye nilisoma, kwa hasira zaidi kuliko kwa bidii. Kumbe Kiingereza chenyewe kilivuka bahari kuanzia karne ya 5 pamoja na Waangli, Wasaksoni na Wajuti, waliotoka pwani za kaskazini mwa Ujerumani na Denmark ya leo. "Gan" lililonishinda, yaani kwenda, ni la zamani hizo (na "wor" ni "yetu" tu, wala si vita), na watu wa Newcastle hawakuona sababu ya kulitupa. Mwaka 793 Waviking, mabaharia kutoka Denmark na nchi jirani zake, wakavamia kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini ya mji huo, na waliowafuata walilowea wakaacha hata maneno ya lazima kama "they" na "egg". Kiingereza nilichokifundisha mimi ni ndugu wa upande mwingine: ni cha London, kilichopata nguvu baada ya William Caxton kuweka mtambo wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, kama Kiunguja kilivyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Caxton huyo ndiye aliyenifariji. Mwaka 1490 aliandika kisa cha mfanyabiashara aliyeshuka kutoka chomboni akaomba mayai kwa neno "egges", mwenye nyumba akamjibu kwamba hajui Kifaransa, kumbe yeye alizoea kuyaita "eyren". Mfanyabiashara alikasirika, kwa kuwa hata yeye hakujua Kifaransa.

Tanga nako Kiingereza hakikupokewa kirahisi. Jeshi la Waingereza, lenye askari wengi kutoka India, liliposhuka hapo Novemba 1914, lilishindwa na Wajerumani na askari wao Waafrika, huku nyuki waliochokozwa wakilisindikiza. Laiti nyuki wale wangeendelea, nisingefika kwenye basi lile.

Nilitoa karatasi ya mama, dereva akaisoma, akanipeleka vituo vitano tu mbele. Nikafika nimechelewa nusu saa na biskuti zangu. Mezani palikuwa na nyama ya kusaga kwenye mchuzi mzito, madonge ya unga wa ngano yaliyotota ndani yake, viazi vya kuponda na karoti. Nikakaa wima nikisubiri chai. Mama akanihimiza nile. Nikamwambia kwamba sipendi kuharibu nafasi ya chai.

"Hii ndiyo chai yako, mwanangu," akasema. Kaskazini kule, mlo wa jioni ndio huitwa "tea", nacho cha mchana ndicho "dinner". Nilikula sahani mbili juu ya wali na maharage, kwa kuwa kila nilipopumzika mama aliuliza kama hakikunipendeza. Nilipomaliza, akaniletea kikombe cha chai.

Tangu siku hiyo nimepanda basi la dereva yule mara nyingi, na hajapata tena kuniuliza ninakokwenda. Huninyooshea tiketi kabla sijafungua mdomo.

"Yem?"

"Yem," namjibu, nakwenda kukaa nyuma.