Neno Moja, Kazi Mia Nne

Jana nimetoka zangu Kariakoo, nimesimama kwenye daladala mpaka Kimara, kikwapa cha mtu usoni, naota ugali tu. Hata viatu sijavua, binti yangu wa darasa la tano huyo na daftari.

"Shikamoo baba. Mwalimu kasema tutunge sentensi tano za neno set, kila moja na maana yake."

Nikacheka. Set? Si hili hili la mtaani? Seti ya sufuria, seti ya makochi. Mbili hizo!

"Hizo maana moja, baba." Akafuta.

Haya. Fundi anaseti king'amuzi. Mama yako anaseti nywele saluni. Hiyo ya nywele naijua vizuri, maana Jumamosi ilinitoka elfu kumi na tano, na nilipouliza kama zilikuwa zimepoteza chaneli, nikalala njaa.

Nikaingia kwenye simu, nikamaliza bando lote. Kumbe Waingereza wana kamusi yao kubwa ya Oxford, toleo la 1989, juzuu 20, na humo set imepewa maana 430. Herufi tatu! Siku hizi eti run imeipita, kama kitenzi tu ina maana 645, na wenyewe wanaona sifa. Mimi mshahara wangu una kazi nne, kodi, ada, luku na unga, na ikifika tarehe kumi umeshazimia.

Jua likizama, set. Zege likishika, set. Sasa jua na zege wapi na wapi? Mwambie fundi wa kule kiwanjani kwangu kwamba zege limezama, uone kama hajakudai mifuko miwili ya saruji. Jeli ikiganda, set. Ukitega mtego, set. Ukiandaa meza, set. Mfupa ukivunjika wakauunga, hiyo nayo set! Hawa watu walikuwa wanabana matumizi au vipi?

"Baba, wakati uliopita inakuwaje?"

"Set."

"Na ukiweka have?"

"Set."

Akachomeka penseli sikioni kama fundi seremala, akanitazama kwa huruma. "Baba, kama hujui sema tu, nikamuulize kaka wa dukani."

Damu ikanipanda. Nikaanza kueleza kwa sauti, mikono hewani, jua linazama, zege linashika, mtoto anarudi nyuma. Mama yake akatoa kichwa jikoni.

"Baba nanihii, hebu acha kupiga kelele! Piga pasi sare ya mtoto kabla umeme haujakatika, halafu upige deki hapo ulipokanyaga na viatu. Na mdogo wako kapiga simu, mpigie."

Umeona lugha hiyo? Nimeelewa kila neno. Kiswahili bwana, hakina mambo mengi.