Mundu wangu umetoka Mamba

Mundu wa marehemu baba ulikatika nikisafisha migomba. Niliununulia mwenzake dukani. Siku ya tatu tu ukajikunja kwenye kisiki cha mbuni. Basi nikachukua mpini wa baba, nikaenda Mamba, jirani na Marangu, huku Kilimanjaro, kwa wahunzi.

Kiwanda chenyewe ni banda lililojaa masizi. Kijana ameketi chini katikati ya mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi: mkono huu unafungua ngozi ivute hewa, ule unafumba na kukandamiza, kwa zamu, moto usilale. Mzee alichagua kipande cha springi ya gari, akakifukia kwenye mkaa mpaka kikawa na rangi ya papai lililoiva, akakishika kwa koleo na kukilaza juu ya fuawe. Alipiga, akarudisha motoni, akapiga tena. Mwishoni alichovya majini upande wa makali peke yake. "Mgongo nao ukiwa mgumu hivyo, utakatika," aliniambia.

Wakati nasubiri, watalii waliingia, wakapiga picha, wakanunua kimkuki cha ukumbusho. Sina ugomvi nao, hela yao inanunua mkaa. Kinachoniuma ni sisi wenye mashamba, tunaopita pale kama vile ni makumbusho. Zamani Wamaasai walipata mikuki yao kwa wahunzi wa Kichagga, na chuma kilitoka Upare, kule Ugweno, ambako masimulizi yanasema ukoo wa wahunzi, Washana, ndio uliotawala kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Mtu aliyejua kufua chuma alikuwa mtu mzito.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Ningependa sana wapimaji wafike hadi kwenye mivukuto, yule kijana apate cheti chake kama fundi wa kuchomelea wa mjini. Na usharikani kwetu, baada ya ibada tunanadi ndizi na kuku; kwa nini tusiweke na majembe ya Mamba? Tungenunua, nina hakika, maana kila aliyeushika mundu wangu ameuliza nimeupata wapi.

Mpini ni ule ule wa baba, umeingia barabara. Nimeshaagiza na shoka.